Pumzi Hujengeka kwa Wiki, Mifupa kwa Miezi: Kuanza Kukimbia Bila Kuumia

Kila Januari, kuanzia saa 11 alfajiri, barabara nyingi za Dar es Salaam hujaa raba mpya. Wapo walioapa kuondoa kitambi, wapo walioambiwa hospitali kwamba presha imeanza kupanda, na wapo waliojiandikisha Kilimanjaro Marathon, mbio za Moshi za mwishoni mwa Februari, ilhali hawajakimbia tangu mchakamchaka wa shule ya msingi. Ikifika katikati ya Februari wengi wao hawaonekani tena. Ukiwauliza, wachache watasema uvivu. Waliobaki watainama wakuoneshe kwa kidole: goti hapa, ugoko hapa, kisigino kila asubuhi nikishuka kitandani.

Ushauri wanaoupata hapo huwachanganya zaidi. Mwenzao wa klabu ya joging atawaambia maumivu ni ya kawaida, kaza. Shangazi atasema kukimbia kunamaliza magoti, acha kabisa. Wa duka la dawa atatoa diklofenaki. Hakuna kati yao aliyeuliza ni kitu gani hasa kimeumia, na kwa nini kimeumia wiki ya nne na si siku ya kwanza, wakati siku ya kwanza ndiyo mtu huyo alikuwa mchovu kuliko siku zote.

Tuanze na maneno, maana nusu ya mkanganyiko uko hapo. Marathoni ni umbali mmoja tu duniani kote: kilomita 42.195. Nusu yake ni kilomita 21 na ushee. Siku hizi kila mbio za hisani huitwa marathoni hata zikiwa za kilomita 5, ndiyo maana mtu anarudi ofisini Jumatatu akitangaza amemaliza marathoni na wenzake wanaona ni jambo la kujaribu wikiendi ijayo. Ukano ni ule mshipi mweupe mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa. Mkubwa wao unaweza kuubana sasa hivi kwa vidole viwili nyuma ya kisigino. Gegedu ni lile tabaka jeupe linalong'aa kwenye ncha ya mfupa wa ng'ombe pale buchani, na kazi yake ni kuifanya mifupa iteleze bila kusagana. Kuna pia majeraha ambayo hapa nitayaita ya mrundikano. Hayatokani na kuanguka wala kuteguka. Ni mzigo mdogo uliorudiwa mara nyingi mno kabla mwili haujamaliza kujikarabati, na ndiyo yanayowatoa barabarani wanaoanza.

Kinachotokea mguu unapotua

Mtu wa kilo 75 akitembea, kila mguu unaotua hubeba mzigo unaozidi kidogo tu uzito wake. Akianza kukimbia, hata taratibu, hesabu hubadilika. Kukimbia ni kuruka mfululizo: kuna nukta ambayo miguu yote miwili iko hewani, kisha mguu mmoja peke yake unadaka mwili mzima. Mshindo huo hufikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, yaani kilo 150 hadi 225 kwa mtu wetu huyu. Anayeanza hupiga hatua kama 1,200 kwa kilomita. Kilomita tatu ni hatua 3,600, na kila mguu umedaka mara 1,800. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo yenye uwezo wa kuvunja kitu. Kinachoumiza ni jumla yake.

Sasa, mwili huzoea mzigo huo, na huzoea vizuri sana, ila viungo vyake havizoei kwa kasi moja. Damu na moyo huitikia mapema: ndani ya wiki mbili au tatu mtu anaanza kuona kona iliyokuwa ikimkata pumzi anaipita akizungumza. Misuli hufuata, ikichukua wiki sita hadi nane. Kano na mifupa huhesabu kwa miezi. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mkimbiaji mpya ni kama daladala kuukuu iliyofungwa injini mpya. Inapanda mlima bila kukohoa, dereva anafurahi, lakini springi na chesisi ni zilezile za zamani, na zinajua kinachokuja.

Mfupa unastahili maelezo zaidi, kwa sababu watu huuchukulia kama jiwe. Ni kitu hai chenye mafundi wa aina mbili, wabomoaji na wajenzi. Mzigo mpya ukiingia, wabomoaji hutangulia na kuchimbua sehemu zilizochoka, kazi ya wiki chache. Wajenzi huja nyuma, na wao huhitaji miezi. Umeona barabara inayokarabatiwa: kabla haijawa nzuri hukwanguliwa lami, na kwa muda inakuwa mbovu kuliko ilivyokuwa. Kwa anayeanza kukimbia, kipindi hicho cha mashimo huangukia takribani kati ya wiki ya tatu na ya sita. Ni wakati uleule pumzi imefunguka, rafiki zake wameanza kumsifu, na anajiona yuko tayari kwa kilomita 10.

Jambo hili lilionekana majeshini kabla halijaonekana kwa wakimbiaji. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza miguu ya askari iliyovimba na kuuma baada ya matembezi marefu, bila yeyote kuanguka. Sababu yenyewe ilikuja kuonekana baada ya eksirei kugunduliwa mwaka 1895: nyufa nyembamba kwenye mifupa ya unyayo. Askari hao walikuwa vijana wenye nguvu zao. Walichokosa ni muda.

Kano ndizo zilizo nyuma zaidi. Zinapata damu kidogo ukilinganisha na msuli, ndiyo maana hata rangi yake ni nyeupe. Msuli uliochoka leo, baada ya siku tatu umesahau. Ukano uliochokozwa unaweza kudai miezi mitatu.

Ratiba inayouheshimu mfupa

Kabla ya chochote: mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, mjamzito, na yeyote anayebanwa kifua akipanda ngazi, aonane na daktari kwanza. Na aliyekaa kitini miaka kadhaa, au mwenye uzito mkubwa, atangulize wiki mbili za kutembea kwa haraka, nusu saa, mara nne kwa wiki. Hizo hazipotei bure, kwa sababu kano zinaanza kuhesabu kuanzia hapo.

Baada ya hapo ni siku tatu kwa wiki zisizofuatana, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku za katikati ndizo wajenzi wanapofanya kazi. Kila siku ya mazoezi anza kwa kutembea dakika 5 na maliza kwa kutembea dakika 5. Katikati hupimi kilomita, unapima dakika, na unachanganya kukimbia na kutembea hivi:

Wiki ya 1 na ya 2: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8.
Wiki ya 3 na ya 4: kimbia 2, tembea 2, mara 6.
Wiki ya 5 na ya 6: kimbia 4, tembea 2, mara 4.
Wiki ya 7 na ya 8: kimbia 7, tembea 2, mara 3.
Wiki ya 9 na ya 10: kimbia 12, tembea 2, mara 2.
Wiki ya 11 na ya 12: kimbia bila kusimama, dakika 25 wiki ya 11, dakika 30 wiki ya 12.

Ukijumlisha, dakika za kukimbia zinapanda kutoka 8 hadi 12, 16, 21, 24, na mwisho 30. Wiki ya kwanza itaonekana ya kitoto. Utamaliza ukiwa na hamu ya kuendelea, na watu wengi huharibu hapo. Hamu hiyo inatoka kwenye mapafu, na kama tulivyoona, mapafu si shahidi mzuri wa hali ya ugoko.

Wapo wanaoona aibu kutembea katikati. Hakuna sababu. Dakika mbili za kutembea huishusha mishindo, huurudisha mwili wima na kuipa misuli ya shavu la mguu nafasi ya kulegea. Mtu anayekimbia amechoka huanza kuburuza miguu na kuangusha nyonga, na hatua za mwisho za namna hiyo ni ghali kuliko za kwanza.

Wengi wamesikia kanuni ya asilimia 10, kwamba usiongeze zaidi ya sehemu ya kumi kwa wiki. Inasikika ya kisayansi kuliko ilivyo. Huko Groningen, Uholanzi, watafiti waliwagawa watu zaidi ya 500 wanaoanza kukimbia: kundi moja lilipewa ratiba ya wiki 13 iliyojengwa juu ya hiyo asilimia 10, jingine ratiba ya kawaida ya wiki 8. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na katika kila kundi karibu mtu mmoja kati ya watano aliumia. Hesabu peke yake haikumlinda yeyote. Isitoshe, asilimia 10 ya dakika 8 ni sekunde 48, nani atakayezipima? Kinachofaa zaidi ni sharti hili: panda ngazi inayofuata ya ratiba ikiwa tu mazoezi mawili ya mwisho hayakukuachia maumivu yanayochechemesha, na asubuhi yake ulishuka ngazi kama kawaida. Ukikosa sharti hilo, rudia wiki. Ukisafiri au ukaugua wiki nzima, rudi ngazi moja nyuma. Wiki tatu, rudi ngazi mbili.

Mwezi wa Ramadhani, anayefunga asipande ngazi. Abaki pale alipo, akikimbia nusu saa ya mwisho kabla ya futari ili maji yasiwe mbali, au baada ya tarawehe, na apunguze raundi moja au mbili. Akifika Shawwal ataendelea bila hasara kubwa.

Mwendo wa mchakamchaka

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anakijua kipimo bora cha mwendo bila kujua kuwa ni kipimo. Mchakamchaka ulikwenda kwa nyimbo: mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, miguu inafuata. Mtoto aliyeshindwa kuitikia alikuwa amezidiwa na mwendo. Kwa mtu mzima ni hivyohivyo. Ukiweza kusema sentensi ya maneno kumi bila kuikata katikati, mwendo ni sahihi. Ukitoa maneno mawilimawili kama mtu aliyetoka kufukuzwa na mbwa, punguza. Ukipunguza ukaona bado, tembea.

Ni mwendo wa kuaibisha kidogo. Mama anayewahi samaki Feri anaweza kukupita. Lakini waangalie mabingwa wenyewe. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, wastani wa chini ya dakika 3 kwa kila kilomita. Nenda Iten au Kaptagat, kambi zao huko Kenya, siku ya mbio nyepesi na utawaona wanariadha wa kiwango cha juu wakitoka taratibu, miguu ikiburuza vumbi, kiasi kwamba mgeni huweza kwenda nao kilomita ya kwanza akidhani amewaweza. Mwendo mkali una siku zake kwao. Kwa anayeanza, siku hizo bado.

Joto nalo huhesabiwa ndani ya mwendo. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa imejaa unyevu na jasho linachuruzika badala ya kukauka. Jasho lisilokauka halipoozi mwili. Mwendo uleule uliokuwa mwepesi Julai utakukata pumzi Februari, na hujarudi nyuma. Ni hali ya hewa. Maliza kabla ya saa 1 asubuhi, kunywa maji unapohisi kiu, na usijilazimishe chupa baada ya chupa, kwa sababu maji kupita kiasi huizimua chumvi ya damu na hilo nalo ni hatari.

Hatua, njia na raba

Sikiliza miguu yako. Ikisikika paa, paa, paa, kama mtu anayepiga ukuta kwa kandambili, huenda unarusha mguu mbele mno. Mguu unaotua mbele ya goti, kisigino kikitangulia na goti limenyooka, ni breki: kila hatua unajizuia, na goti ndilo linalolipa. Dawa si kuanza kukimbilia vidole kama wanavyofundishana watu kwenye video, maana hilo huhamisha mzigo wote kwenda kwenye ukano wa kisigino, na kano tumesema ndizo zinazochelewa kuzoea kuliko vyote. Fupisha hatua, zifanye za harakaharaka. Hesabu mara mguu wa kulia unavyogusa chini kwa sekunde 30. Ukipata 36 au 37, jaribu kufikisha 39 au 40 bila kuongeza kasi. Ongezeko hilo dogo, asilimia 5 hadi 10, huupunguzia goti mzigo.

Kuhusu njia, watu hubishana lami au vumbi. Njia ya vumbi iliyoshindiliwa na isiyo na mashimo ni nzuri, lami nayo si adui. Adui asiyetajwa ni mgongo wa barabara. Barabara huinuliwa katikati ili maji ya mvua yashuke pembeni, hivyo ukikimbia pembeni siku zote upande mmoja, mguu mmoja uko bondeni kila hatua, na nyonga inapinda mwezi mzima. Huku kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo unapaswa kukimbia kulia ukiyatazama yanayokuja. Usibadilishe hilo kwa ajili ya mgongo wa barabara. Tafuta sehemu iliyo sawa: kiwanja cha shule, njia ya waenda kwa miguu, barabara ya mtaani. Ufukweni pana mtego wake. Mchanga mkavu huzamisha kisigino na kuuvuta ukano. Mchanga mgumu maji yakipwa ni bora zaidi, lakini nao umeinamia baharini, basi nenda na urudi kwa umbali uleule.

Raba huzungumzwa kuliko inavyostahili. Iwe nyepesi, isikubane, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Raba ya mtumba inafaa ukijua kuipima, na kinachopimwa ni soli ya kati, ile povu kati ya kitambaa na mpira wa chini. Kung'aa kwa juu hakukuambii kitu. Bonyeza povu hilo kwa kidole gumba: likirudi haraka, lingali hai, likibaki na kishimo au likiwa gumu kama ubao, limekufa hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa, maana povu huzeeka hata likiwa stoo. Angalia pembeni kama kuna mikunjo mingi iliyolala. Kisha weka jozi juu ya meza, itazame kwa nyuma. Ikiegemea upande mmoja, ilishauchukua mwendo wa mwenyewe wa kwanza na itakulazimisha kuufuata. Raba nzuri huhimili kilomita 500 hadi 800 hivi. Kukimbia pekupeku? Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu, ni kweli. Alikuwa ameizoesha miguu hiyo maisha yake yote, wewe umeivua soksi jana.

Mapaja yanayosuguana yapake mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Kwa wanawake, sidiria ya mazoezi inayoshika vizuri si anasa.

Kusoma maumivu

Maumivu ya kawaida yana tabia zake. Yako pande zote mbili, yametapakaa kwenye nyama ya paja au shavu la mguu, yanakuja siku moja au mbili baada ya mazoezi na kuondoka yenyewe. Watu huyaita asidi ya misuli. Jina si sahihi: asidi inayosingiziwa husafishwa ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama, na kinachouma kesho yake ni misuli inayojiunga upya.

Maumivu ya kuogopa hukaa upande mmoja, na unaweza kuyaonesha kwa ncha ya kidole. Yanazidi kadiri unavyokimbia, au yanakuamsha usiku. Ugoko unaouma kwa urefu wa kiganja, upande wa ndani, ni onyo: pumzika siku 5 hadi 7, tembea au endesha baiskeli badala yake, kisha rudi ngazi mbili nyuma. Ugoko unaouma sehemu moja yenye ukubwa wa sarafu, na ukirukia mguu huo mmoja unaruka juu kwa maumivu, uchukulie kama ufa hadi daktari akanushe. Hapa kuna jambo linalowapoteza wengi: ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki mbili tatu za kwanza. Picha safi haikupi ruhusa ya kurudi barabarani. Kupona huchukua wiki 6 hadi 8, na anayeendelea kukimbia na ufa huo anaweza kuugeuza kuwa mvunjiko kamili.

Kisigino kinachochoma hatua za kwanza asubuhi kisha kikapoa ni utando wa chini ya unyayo uliolemewa. Acha kutembea pekupeku kwenye vigae, bingirisha unyayo juu ya chupa ya maji iliyogandishwa kwa dakika 5 jioni, na upunguze dakika za kukimbia. Goti linalouma kuizunguka pia ya goti, kile kifuniko cha mfupa cha mbele, hasa unaposhuka ngazi au ukikaa muda mrefu kwenye basi, kwa kawaida linalalamikia paja na makalio dhaifu pamoja na hatua ndefu.

Ndiyo maana mazoezi mawili ya nyumbani, mara mbili kwa wiki, yana thamani kuliko raba ya laki tatu. La kwanza: simama kwenye ukingo wa ngazi visigino vikining'inia, shika ukuta, panda kwa vidole kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3, mara 12, raundi 3. Kuanzia wiki ya sita fanya kwa mguu mmoja mmoja. La pili: kaa kwenye kiti, simama bila kutumia mikono, kaa tena polepole bila kujitupa, mara 12, raundi 3.

Kichomi cha ubavuni si jeraha. Punguza mwendo, toa pumzi ndefu, bonyeza pale panapouma, na siku nyingine usile chakula kizito saa mbili au tatu kabla.

Tunayoambiana mitaani

Turudi kwa shangazi. Kuhusu magoti, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia kusagika kwa nyonga na magoti na kukuta asilimia 3.5 kwa wanaokimbia kwa ajili ya afya, asilimia 10.2 kwa wasiokimbia kabisa, na asilimia 13.3 kwa wanaoshindana kwa kiwango cha juu. Gegedu hulishwa kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji ya kuoshea vyombo. Kukaa tu hakuitunzi. Ila mtu ambaye goti lake tayari limevimba au limewahi kufanyiwa upasuaji, shangazi yuko sahihi kumwambia asianze bila daktari.

Wa duka la dawa tumkatalie kabisa. Kumeza diklofenaki au dawa nyingine za jamii hiyo ili ukimbie ni kuzima taa ya hatari kwenye dashibodi. Tena figo, ambazo tayari zinapata damu pungufu wakati mwili umekauka kwa jasho, zinaongezewa kazi.

Kunyoosha misuli kabla ya kutoka, kile kitendo cha kuvuta mguu nyuma na kuhesabu hadi thelathini, hakikuzuii kuumia. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya makuruta 1,538 wa jeshi la Australia, nusu wakinyoosha na nusu wasinyooshe kwa wiki 12, na tofauti ya majeraha haikuonekana. Kinachosaidia ni kupasha mwili joto: zile dakika 5 za kutembea, kuinua magoti, kuzungusha nyonga. Unayependa kunyoosha, nyoosha ukimaliza.

Sweta nene, koti la mvua au nailoni iliyofungwa tumboni ili kitambi kitoke na jasho: jasho ni maji na chumvi. Lita moja ikitoka mzani utashuka kilo moja, na ukinywa lita moja itarudi kabla ya chakula cha mchana. Ulichopata ni hatari ya mwili kupata joto kupita kiasi. Na anayekimbia huku amejinyima kula ajue mfupa hujengwa kwa chakula. Mwanamke anayeona hedhi imekatika miezi mitatu mfululizo baada ya kuanza mazoezi na kupunguza mlo, na hana ujauzito, amwone daktari mapema; ni ishara kwamba mwili umeanza kubana matumizi, na mfupa ni miongoni mwa vinavyokatwa bajeti.

Kuhesabu kutoka Moshi kurudi nyuma

Tuseme mtu anataka nusu marathoni ya Moshi, ambayo njia yake inapanda kuelekea Mweka na si tambarare hata kidogo. Wiki 12 zinamfikisha kukimbia nusu saa bila kusimama. Kutoka nusu saa hadi kilomita 21 ampe mwili wiki nyingine 16: siku tatu zilezile kwanza, moja kati ya hizo ikirefuka kidogokidogo, na kila wiki ya nne akipunguza theluthi moja ili wajenzi wawafikie wabomoaji. Jumla ni wiki 28. Mbio zikiwa mwisho wa Februari, siku ya kwanza ya dakika moja moja ni wiki ya pili ya Agosti. Aliyelipia namba yake Januari bila kuwa amekimbia bado hajapoteza safari. Siku hiyohiyo Moshi huwa na mbio za kilomita 5, na kwa wiki saba au nane za ratiba hii anaweza kuzimaliza akikimbia dakika saba, akitembea mbili.